Siku Sungura Alipopanda Banioni

Jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii ni kwamba ng'ombe anayecheua ana sauti kubwa kuliko bibi anayesimulia. Huko mlimani ng'ombe hulala ndani, karibu na mafiga, na ukiweka maikrofoni vibaya utarudi mjini na tepu nzima ya majani yakisagwa. Nawaandikia ninyi mnaobaki katika kitengo chetu cha hadithi na ngoma, kwa kuwa mliniomba siku ya kuniaga, na kwa kuwa mashine mpya mliyoletewa ni nyepesi na inaweza kuwadanganya kwamba na kazi ni nyepesi.

Mimi sikuajiriwa kwa elimu. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa kukosa ada, ila darasa lilikuwa na dirisha. Baba yangu, Mnyiramba, alitoka Singida akifuata kazi ya kukata miwa kwenye mashamba ya tambarare, chini ya Moshi, na mimi nikazaliwa kambini. Nilikata miwa. Nikaenda Marangu kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, watu waliosafiri mbali sana kuja kununua baridi. Nikafagia kiwanda cha kahawa, nikawa taniboi wa lori, nikauza sahani na vikombe mtaa wa Pasua, mjini Moshi. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa mambo yanavyokwenda, kisha nikaondoka. Mama yangu alisema nyayo zangu zina upupu.

Miaka michache baada ya Uhuru, ofisi yetu ililetewa mashine ya kunasa sauti, na mashine ikahitaji mtu wa kuibeba. Ilikuwa nzito kama mbuzi aliyeshiba. Aliyenihoji ni Bwana Mhina, mtu wa Korogwe, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa afisa. Alikuwa na koti moja na vicheko vya aina nyingi.

"Unajua lugha ngapi?" aliniuliza.

"Za kuombea maji ya kunywa, saba. Za kugombania, nne."

"Na za kusikilizia?"

Nikakosa jibu. Akafunga faili lake. "Njoo kesho. Wenye jibu la swali hilo huwa wanaongea mno."

Miezi ya kwanza nilikuwa punda na fundi kwa pamoja. Nilijifunza kuanika betri juani asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza siku. Nilijifunza kuvika maikrofoni kipande cha blanketi, maana kuni mbichi zikipasuka hunaswa kama bunduki. Nilijifunza kumwambia msimuliaji kwamba mashine bado haijawaka ilhali imewaka, kwa kuwa mtu akijua ananaswa husimulia kama anayetoa ushahidi mahakamani. Hili la mwisho alinifundisha Bwana Mhina, kisha akanipa somo ambalo lilidumu muda wote tuliofanya kazi pamoja.

Tulikuwa tumekaa kando ya Landrova iliyochemka, tukingoja ipoe. Nikamweleza jinsi jioni kambini kwetu watu wa kila kabila walivyosimulia, na kila mmoja akaja na mjanja wake. Wengi walikuwa na sungura. Wengine walikuwa na kobe. Mzee mmoja wa kusini alikuwa na kanyama ambako hakuna mwingine aliyewahi kukaona, nasi tulimshuku kwamba amekatunga.

"Wote hao wanafanana nini?" akauliza Bwana Mhina.

"Uongo."

"Fisi naye ni mwongo, na hakuna anayemshangilia. Fikiri tena."

"Ni wadogo."

"Umewahi kusikia hadithi ambayo Tembo ndiye mjanja? Anayeweza kukanyaga hana haja ya kufikiri." Akainua boneti, akachungulia, akaishusha. "Na hilo neno mjanja ulisikilize kwa makini. Lenyewe halina uzito, uzito anaupa anayelitamka. Mtoto mjanja: hapo mzazi anajivuna. Mwenye duka mjanja: shika mfuko wako. Mwanamke mjanja: anayesema hivyo ni mwanamume aliyeshindwa jana. Ukisikia mtu anaitwa mjanja, usimtazame yeye. Mtazame aliyemwita, kisha ujiulize nani ana nguvu hapo."

Nimefanya hivyo tangu siku ile, na nimechekwa mara nyingi kwa kukodolea macho mtu asiyehusika.

Sasa niwaeleze habari ya Mama Aikaeli wa Machame, maana katika kazi yangu yote ndiye ninayemkumbuka kila nikisikia maji yakipita kwenye mfereji.

Kwa ninyi mliolelewa mjini, nianze na mfongo. Mfongo ni mfereji ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni, juu kabisa msituni, wakauzungusha kwenye miteremko hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani yenye migomba na kahawa. Mahali maji yanapokingwa mtoni panaitwa banio. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Kila mwaka kabla ya kiangazi, na tena katikati yake, baragumu hupigwa, wanaume wakapanda na majembe kulitengeneza banio, na nyumba isiyopeleka jembe hupoteza zamu. Wanawake hawakupanda banioni. Ilikuwa mwiko, na hata waliokuwa wamekwisha kubatizwa, wakawa wazee wa kanisa, waliushika mwiko huo kwa mikono miwili.

Tulifika kwa Mama Aikaeli mchana wa jua kali. Tulielekezwa kwake na kila tuliyemuuliza nani anajua hadithi. Migomba yake ilikuwa imeinamisha majani kama waombolezaji, wakati ya jirani, hatua chache tu mbele ya ua wa mimea ya masale, ilikuwa imesimama kijani. Hata mgeni angeona kuna jambo.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Kama mmekuja kununua ndizi, hazipo. Kama mmekuja kuhesabu ng'ombe, ni mmoja, amekonda, mnaweza kumhesabu kutoka hapo mlipo."

"Tumekuja kuomba hadithi," akasema Bwana Mhina.

"Kwenye jua hili? Mnataka nipotee?"

Huko kwao anayesimulia mchana hupoteza njia ya kurudi nyumbani. Tulikuwa tumeshakataliwa hivyo nyumba nyingi. Mama Aikaeli alitutazama, akaitazama mashine begani mwangu, akaitazama nyumba ya zamani ya majani iliyokuwa nyuma ya ile ya bati.

"Ile haina dirisha," akasema. "Mkifunga mlango, ndani ni jioni muda wote."

Bwana Mhina akanikanyaga mguu taratibu. Msimuliaji alikuwa bado hajafungua hadithi hata moja, na mjanja alikuwa ameshaingia.

Tukaingia. Akawasha moto, nikamsogeza ng'ombe kadiri alivyokubali, akatusimulia hadithi mbili kwa mfululizo. Nilipomchezea sauti yake alisikiliza kichwa kikiwa upande, bila kushangaa.

"Nani huyu anayejidai hivi?"

"Ni wewe, mama."

"Mh. Na hilo sanduku linaweza kusema popote?"

"Popote linapobebwa."

"Hata banioni?"

Ndipo Mama Aikaeli akatueleza mambo yake, kwa ufupi, kama anayesoma bei za sokoni. Mume wake alifariki masika yaliyopita. Alizaa mabinti wawili, wote wameolewa mbali. Baragumu lilipopigwa, nyumba yake haikuwa na jembe la kupanda, akanyang'anywa zamu. Angekwenda kulalamika, lakini malalamiko ya maji husikilizwa banioni, siku ya kuchimba, na mwanamke hapandi. Lazima asemewe na mwanamume wa ukoo. Mwanamume aliyebaki katika ukoo ni shemeji yake, Mzee Ndelamio. Na Mzee Ndelamio ndiye mkuu wa mfongo.

"Kwa hiyo natakiwa nimtume shemeji yangu akanishtaki shemeji yangu kwa shemeji yangu," akasema. "Ameshanishauri nikapumzike kwa binti yangu, kihamba atakitunza yeye. Ana roho nzuri, anatunza mpaka visivyo vyake. Kiangazi hiki kikiisha sina maji, migomba imekwisha, na mimi nimekwisha. Mume wangu kazikwa pale nje. Niende nikapumzike wapi?"

Hapo tena akaigeukia mashine.

"Sanduku hili ni mwanamke au mwanamume?"

"Ni mali ya serikali," akasema Bwana Mhina.

"Basi halina mwiko."

Nikapachika tepu mpya. Bwana Mhina hakunizuia. Nilimwona akijitahidi kuchagua kicheko, akakosa, akabaki kuuma kidole. Mama Aikaeli akajisogeza karibu na moto, akasimulia hivi. Naiandika kwa maneno yangu, maana ya kwake sinayo tena, na mtaelewa kwa nini.

Zamani wanyama walichimba mfongo. Tembo alichimba kwa pembe, Nguruwe kwa pua, Fisi akasimamia, kwa kuwa kusimamia nako kunachosha. Sungura akaja na kijembe chake. Wakamwambia, "Rudi, mguu wako mdogo utaleta mkosi banioni." Akarudi. Maji yalipofika, Fisi akatangaza: asiyechimba hanywi. Sungura akasema, "Ni haki kabisa. Maji yenu siyataki. Ila mfongo unapita kwenye shamba langu, nami sipendi deni. Naomba yasiguse udongo wangu hata tone, msije mkanidai." Wanyama wakaona ni ombi la mtu muungwana, wakakubali. Kumbe mashamba yao wote yako chini ya shamba la Sungura. Ikabidi maji yavushwe kwa kubebwa. Tembo akayavusha kwa mkonga. Nguruwe akayavusha kwa masikio. Fisi hana mkonga, masikio yamesimama, akayachukua mdomoni, mashavu yakavimba kama ana meno mabovu pande zote mbili. Na Sungura akakaa katikati ya njia, akaanza kueleza habari za mtaani. Akaeleza jinsi Chui alivyokwenda kuposa akiwa na kupe puani. Fisi akajizuia. Akaeleza jinsi Nyani alivyohubiri huku mkia umenasa mlangoni. Fisi akajizuia, machozi yakimtoka. Akaeleza la tatu, na Mama Aikaeli hakulisema ni lipi. Alinong'ona tu kitu kisichosikika, halafu akaiga Fisi anavyopasuka kwa kicheko na maji yote yakamwagika, pwaa, kwenye shamba la Sungura. Fisi akarudi mtoni. Akachota tena. Sungura akanong'ona tena. Pwaa. Ikawa hivyo kiangazi kizima, na shamba lililostawi kuliko yote lilikuwa la asiye na zamu.

"Na mwisho wake?" nikauliza.

"Mwisho wake wanaujua wenye mfongo," akasema mbele ya maikrofoni, akajifunga kanga vizuri, akaenda kumwangalia ng'ombe.

Siku ya kuchimba ya katikati ya kiangazi ilipofika tulipanda banioni na wanaume. Tulikuwa na sababu halali: ofisi ilitaka nyimbo za wachimbaji. Tulizinasa, na ni nyimbo nzuri, ingawa nusu yazo haziwezi kuchezwa redioni kabla watoto hawajalala. Kazi ilipokwisha mbege, pombe ya ndizi, ikashushwa, kata ikaanza kuzunguka, na Bwana Mhina akasema kwa adabu kwamba kama wazee wangependa, tungewachezea kitu tulichonasa huko huko kijijini.

Sauti ilipotoka, kijana mmoja akasimama. "Huyu ni mwanamke. Mwanamke banioni?"

"Yuko wapi?" akauliza Mzee Kweka, mkubwa kuliko wote pale, ambaye alikuwa amekalia jembe lake. "Mimi naona sanduku. Kama wewe unaona mwanamke, punguza mbege."

"Na hadithi mchana wote huu?"

Hapo nikajibu mimi. "Ilisimuliwa gizani, kaka. Sanduku linakumbuka tu."

Wakakaa. Walianza kucheka kwenye kusimamia kwa Fisi. Walipofika kwenye mashavu yaliyovimba hakuna aliyeweza kushika kata sawasawa. Na aliyecheka kuliko wote, akijipiga mapaja, akifuta macho kwa kofia, alikuwa Mzee Ndelamio. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Sitaki mmwone vibaya. Alikuwa anaamini kwa dhati kwamba anamsaidia shemeji yake.

Kisha kicheko kikaanza kuzimika, mtu mmoja baada ya mwingine, kama taa za kijiji. Kwanza waliokuwa majirani zake Mama Aikaeli. Halafu vijana. Kila aliyetambua alinyamaza, akatazama maji. Mwisho ikabaki sauti ya Mzee Ndelamio peke yake, nayo ikakatika katikati.

"Ndelamio," akasema Mzee Kweka, "mbona umeacha kucheka?"

"Hadithi imekwisha."

"Haijaisha. Sanduku bado linanguruma."

Ndipo likasikika lile neno la mwisho, kwamba mwisho wanaujua wenye mfongo, na nyuma yake ng'ombe akicheua.

Vijana, nawaomba mfikirie hali yake. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Fisi hakupewa jina lake, wala koti lake, wala sauti yake. Akinyanyuka kwa hasira, atakuwa amelivaa jina yeye mwenyewe mbele ya wanaume wote wa mfongo, na atazikwa nalo. Akinyamaza, atakuwa amekubali. Huko ndiko Sungura anakoishi, si kwenye kichaka. Anaishi mahali ambapo mdogo amesema kila kitu na hakuna neno hata moja unaloweza kumshtaki nalo. Nilikuwa nimezisikiliza hadithi hizi maisha yangu yote nikidhani ni za kuchekesha watoto. Pale nilimwona mwanamke ambaye kihamba chake kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi mmoja, na uzi wenyewe ni hadithi.

Mzee Ndelamio alipokea kata. Akanywa taratibu mpaka chini. Akafuta midomo.

"Huyo Sungura," akasema hatimaye, "pombe anajua kupika?"

"Anajua sana," akasema Mzee Kweka.

"Maana wachimbaji wana kiu, na hii ya mwaka huu ni maji ya kuoshea vibuyu."

Wakacheka tena, safari hii polepole, wakimwachia nafasi ya kupita. Kabla hatujashuka ilikuwa imekubaliwa kwamba nyumba isiyo na mwanamume italeta mbege siku ya kuchimba, na kibuyu kitahesabiwa jembe. Mzee Ndelamio ndiye aliyetangaza, kwa sauti ya kwaya, kama wazo alilozaliwa nalo. Alimpelekea shemeji yake jani la sale, ambalo ndilo ombi la msamaha ambalo Mchagga hawezi kulikataa, na Mama Aikaeli alilipokea akalichomeka juu ya mlango. Alijua kushinda, na alijua mahali pa kuacha.

Nilikuwepo zamu yake ya kwanza. Maji yalikuja ya matope kwanza, yakisukuma majani makavu, kisha yakawa safi, yakajigawa kati ya migomba. Mama Aikaeli alisimama miguu mitupu katikati yake, akielekeza mikondo kwa kisigino.

"Wewe Mnyiramba," akaniita, "kwenu maji yanatoka wapi?"

"Kwetu wapi? Kambi imevunjwa. Nalala ofisini au kwenye gari."

"Huna kihamba."

"Sina."

"Huna mfongo, wala shemeji wa kukunyima maji." Akafikiri. "Sijui nikuonee huruma au wivu."

Nilicheka. Lakini nilipokuwa naendesha kurudi mjini lile neno lilikaa nami ndani ya gari. Nilikuwa nimevuka mashamba ya watu maisha yangu yote, nikijisifu kwamba hakuna anayeweza kunizuia. Sikuwahi kufikiri kwamba ili mtu akunyime maji, lazima kwanza akujue.

Hadithi hii tuliipeleka mjini. Wakati huo yalikuwa yanaandaliwa masomo ya watu wazima, na kamati ikakaa kuchagua hadithi za kusomea. Walikuwa watu wazuri, wenye nia njema na miwani.

"Ndugu," akasema mwenyekiti, "huyu Sungura hajachimba, na amevuna. Huyu si mnyonyaji?"

"Alizuiwa kuchimba, ndugu mwenyekiti," akasema Bwana Mhina.

"Angepeleka shauri kwenye vikao."

"Kikao kilikuwa banioni."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Wengine walisema Sungura ni kupe, wengine wakasema ni mnyonge anayepigania haki yake na Fisi ndiye bepari. Mwisho wakapatana kwamba Sungura achimbe pamoja na wenzake, wagawane maji kwa usawa, na Fisi ajirekebishe. Hivyo ndivyo ilivyochapwa. Niliisikia ikisomwa katika darasa la jioni Pasua. Mama mmoja muuza vitumbua alifuatilia mistari kwa kidole hadi mwisho, akainua uso.

"Huyu Sungura mlimpa dawa gani?" akauliza. "Mbona amekuwa Kondoo?"

Bwana Mhina alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kabla. Mwaka uliofuata alihamishwa pwani, na miaka michache baadaye akafariki huko. Sikupata mwalimu mwingine, wala sikumtafuta.

Tepu yenyewe ilikwenda kama tepu nyingine zote za miaka ile. Ulipofika uhaba wa kila kitu, tukipanga foleni ya sukari, sabuni na betri kwa siku moja, makao makuu yaliamuru kwamba tepu za zamani zitumike upya. Juu ya sauti ya Mama Aikaeli kuna hotuba ya kufungua ghala. Niliisikiliza mara moja, nikitumaini kwamba pale mzungumzaji anapovuta pumzi nitamsikia yeye chini yake. Mashine zilikuwa zinafuta vizuri sana. Ni katika vitu vichache vilivyokuwa vinafanya kazi ipasavyo.

Mwezi uliopita, kabla sijakabidhi funguo, niliomba gari niende Machame. Sikuwa na kazi ya ofisi huko. Mama Aikaeli amezikwa pale pale nje, karibu na mumewe, na migomba imewazunguka wote wawili. Binti yake Aikaeli amerudi kuishi hapo, na kila mwaka hupika mbege ya wachimbaji. Nilimkuta Mzee Ndelamio amekaa kwenye kigoda mbele ya ile nyumba ya majani, amekonda, lakini sauti ya kwaya iko pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenye sanduku. Leo mbona huna mzigo?"

"Nimestaafu."

"Na mimi nimestaafu. Mfongo wameshika vijana. Siku hizi kazi yangu ni kuwasimulia wajukuu." Akanisogezea kigoda. "Wanaitaka ile moja tu. Naifanya vizuri, usinidharau. Mashavu nayavimbisha hivi."

Akayavimbisha. Nikacheka mpaka nikaona aibu.

"Wanauliza Fisi ni nani?"

"Kila siku."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia hadithi haina jina la mtu." Akatazama mfongo. Ilikuwa zamu ya nyumba ile, na maji yalikuwa yanaingia kihambani taratibu. "Ile sauti yake unayo bado?"

"Sina, mzee. Walifuta."

Akatikisa kichwa kwa muda, kama anayepokea habari za msiba wa mbali.

"Kuna mahali alinong'ona," akasema. "Lile neno la tatu alilomwambia Fisi. Unalikumbuka?"

"Halikusikika hata siku ile."

"Ndiyo. Mimi nikifika hapo nainama, nanong'ona tu hewa, watoto wanacheka, wanadhani nalijua. Kisha nanyamaza kidogo."

"Kwa nini?"

"Nasubiri aendelee."

Akavuta kigoda chake karibu na changu, tukakaa tukitazama maji ya Mama Aikaeli yakiingia shambani.